Mwenye Deni Hutafutwa, Mwenye Huzuni Huachwa

Katika mkoa huu wa Tabora hakuna mtu anayepotea akiwa na deni. Chukua mbolea ya mkopo kwenye chama cha msingi, kisha ujaribu kuhamia ndani kabisa ya pori la Kaliua, kule ambako simu haishiki mpaka upande kichuguu. Watakufikia kabla tumbaku haijakauka kwenye bani. Au kopa laki moja kwa wale wa kausha damu, ukose rejesho moja tu. Jioni hiyohiyo utawakuta wameketi kwenye kiti chako mlangoni, wanawauliza watoto mama kaenda wapi. Wanamjua shemeji yako na mtaa anaokaa. Wana namba ya mdhamini wako, na wana namba ya mdhamini wa mdhamini wako.

Sasa jaribu kupotea ukiwa na huzuni.

Mama wa watu amefika hospitali kwa sababu hajalala wiki ya tatu. Amekaa mbele ya muuguzi wa afya ya akili, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe amesema yaliyo moyoni. Amelia mpaka khanga imelowa. Ameandikiwa tarehe ya kurudi, wiki mbili mbele, vikao viendelee. Tarehe imefika, hakuja. Nani kampigia simu? Faili limerudi kabatini. Ukiuliza baada ya mwezi unajibiwa maneno mawili: ameingia mitini.

Hakuingia mitini. Tulimwacha sisi, na lawama tukamwachia yeye.

Najua watakaoruka hapa. Watasema watu wanaacha ushauri nasaha kila mahali, hata Ulaya. Ni kweli kabisa. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Swift na Greenberg, walikusanya tafiti 669 zenye watu zaidi ya 83,000 waliokuwa kwenye tiba ya mazungumzo, wakakuta karibu mmoja kati ya watano ameacha kabla ya wakati. Hao ni watu wenye mabasi yanayofika kwa saa, vyumba vyenye zulia na wataalamu waliosoma miaka mingi. Kama kule mmoja kati ya watano anakatika, hapa kwetu ni wangapi? Usinijibu kwa kukisia. Nenda kwenye kituo chochote cha mkoa huu kinachotoa ushauri nasaha, uliza maswali mawili: mwezi uliopita walioanza vikao walikuwa wangapi, na waliofika kikao cha nne ni wangapi? Utapewa jibu la swali la kwanza upesi sana, kwa sababu ndilo linaloingia kwenye ripoti. La pili litakufanya ukaribishwe kiti.

Tabora ndio mkoa mkubwa kuliko yote kwa eneo, zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na Sensa ya 2022 ilihesabu humu watu karibu milioni 3.4. Mtu wa Sikonge ana kilomita kama 70 kufika mjini. Wa Kaliua ana zaidi ya 100. Tunampangia mtu huyo kikao cha dakika arobaini na tano kila wiki mbili, kana kwamba anakaa hapa mjini, Cheyo au Ng'ambo, na atakuja kwa miguu. Nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi imepotea, chakula cha njiani, na akifika anaambiwa mhusika yuko semina, arudi Jumatatu. Mtu akishapigwa danadana namna hiyo mara mbili, akaacha, tunasema hana utayari. Utayari! Ningependa kumwona anayetamka neno hilo akipanda basi la Sikonge masika, kwa hela ya kuazima, ili akasimulie mambo ya ndani ya nyumba yake kwa mtu mgeni.

Halafu kuna kalenda ya tumbaku, ambayo kila mtoto wa mkoa huu anaijua isipokuwa daftari la miadi. Mbegu inasiwa kabla ya mvua, miche inahamishiwa shambani mvua zikianza, na kuanzia Februari kuna kuchuma, kufunga, kuchoma kuni usiku kucha kulinda moto wa bani. Hela inaonekana masoko yakifunguliwa, baada ya masika. Mkulima aliyeanza vikao Oktoba akapotea Januari hajaikataa tiba. Yuko shambani, na asipokuwa shambani deni lile la mbolea litakuja kukaa mlangoni. Kituo chenye akili kingemwambia mapema: kikao kijacho tutafanya kwa simu Jumapili mchana, tukutane uso kwa uso soko likifunguliwa. Kufanya hivyo hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mtu anayejua tumbaku inachumwa lini.

Na wapo walioacha kwa sababu ushauri wenyewe ulikuwa mbovu. Hili wataalamu hawapendi lisemwe, kwa hiyo nalisema. Mwanamke anakwenda kueleza kipigo, anarudishwa na mahubiri ya uvumilivu. Kijana anakwenda kueleza kwamba hataki tena kuishi, anaulizwa kama anasali. Mtu anaulizwa habari za ndoa yake mlango ukiwa wazi, foleni yote inasikiliza, na kwenye benchi yumo jirani wa mama mkwe. Huyo akiacha amefanya la busara. Lakini kituo hakitajua kamwe kwamba kilimfukuza, kwa sababu hakikuuliza. Aliyeacha ndiye mkaguzi mwaminifu kuliko wote, na ndiye pekee asiyeulizwa chochote. Wapo pia walioacha kwa sababu wamepona, kikao kimoja kimewatosha. Hawa nao hatuwajui. Aliyepona, aliyekata tamaa na aliyekufa, wote watatu kwenye kitabu chetu wameandikwa kwa alama moja ya kutofika.

Kwa nini inakuwa hivyo? Nitasema jambo ambalo wasimamizi wanalijua na hawalitamki: anayepotea anapunguza foleni. Kituo chenye muuguzi mmoja wa afya ya akili, ambaye asubuhi anagawa dawa za kifafa na mchana anapangwa zamu ya wodi, kingewezaje kuwapokea wote waliopewa tarehe kama wote wangerudi? Hakingeweza. Mfumo mzima umesimama juu ya matumaini kwamba nusu hawatarudi. Simlaumu muuguzi huyo. Najua wengine wanapiga simu kwa vocha zao, usiku, kutoka nyumbani, na hakuna fomu inayowahesabia kazi hiyo. Ninayemlaumu ni mkubwa aliyeona kutofika kwa wagonjwa ni nafuu ya bajeti, akanyamaza.

Mji wa Tabora unajua tangu zamani kusaka mzigo na kumwacha mtu. Wageni tunawapeleka Kwihara wakaone tembe la Livingstone, tunawaonyesha miembe, tunajisifia njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Tusichowasimulia ni hesabu ya njia ile. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba pembe ya frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Akitoroka na mzigo, askari walirudishwa nyuma kumsaka. Akiugua ndui asiweze kutembea, mzigo wake uligawanywa kwa wenzake, yeye akaachwa kando ya njia. Mzigo ulikuwa na mwenyewe. Soma maandishi ya wasafiri Burton na Stanley, utaona wanahesabu mizigo kila kituo.

Na asiniambie mtu kwamba kumfuatilia mgonjwa ni jambo la nchi tajiri. Dunia imejifunza jambo hilo hapahapa Tanzania!

Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na aliyesaidia kuusuka alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Dawa zilikuwepo, na nchi nyingine zilikuwa nazo. Kipya kilichoonekana hapa ni daftari. Kila aliyeanza dawa aliandikwa jina, na muda wake ukitimia mratibu wa wilaya alitakiwa kueleza kila jina limeishia wapi: amepona, amemaliza dawa, amefariki, amehamia wilaya nyingine, au ameacha. Kila jina lilitolewa hesabu, la mkulima wa Urambo sawasawa na la karani wa mjini. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua utaratibu huo, likaupa jina la DOTS na kuutangaza duniani kote. Watu walikuja kujifunza kwetu. Katika nchi maskini, yenye barabara za vumbi na bila simu ya mkononi hata moja, mgonjwa aliyekosa dawa alifuatwa kwa baiskeli.

VVU ilipokuja tukafanya tena. Kwenye kliniki za tiba na matunzo kuna daftari la miadi, na kuna WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi wenyewe, ambao kazi yao ni kumtafuta mwenzao aliyekosa tarehe, kuongea naye kama aliyepita njia hiyo, na kumrudisha bila kumsuta. Wanajua kugonga mlango bila kuuamsha mtaa. Ujuzi huo upo Tabora leo, katika majengo yaleyale ambamo mgonjwa wa sonona anapotea bila kuulizwa, pengine mlango wa pili tu kwenye ujia uleule. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake tuliona jinsi kazi hiyo ilivyoning'inia kwenye mfuko wa watu wengine, na hilo ni aibu nyingine. Lakini hakuna anayeweza kusema hatujui inavyofanyika.

Tofauti ni nini basi? Kikohozi cha mwenye kifua kikuu kinatutisha sisi tulio jirani. Machozi hayaambukizi. Tunamfuata mtu tukimwogopa, au tukimdai. Mwenye huzuni hatishi mtu, hadaiwi na serikali, na akifa msiba wake ni wa ukoo wake peke yake.

Sasa mtasema: kumfuata kuna faida gani, maana aliyeacha ameacha? San Francisco, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Jerome Motto aliwachukua watu 843 wa aina hasa ninayoizungumzia: walilazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua, wakatoka, wakakataa au wakaacha matibabu ya kuendelea. Akawagawa kwa kura. Wa kundi moja hawakutafutwa. Wa kundi jingine waliandikiwa barua fupi, sentensi mbili tatu za kumjulia mtu hali, kwa muda wa miaka mitano. Barua hazikumtaka mtu arudi hospitali wala hazikumkumbusha kosa lolote. Katika miaka miwili ya mwanzo, waliojiua miongoni mwa walioandikiwa walikuwa wachache kwa kiasi kikubwa kuliko wale waliosahauliwa. Barua!

Na kwa anayesema hao ni Wamarekani, Shirika la Afya Duniani lilifanya jaribio lake Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, matokeo yakachapishwa 2008. Watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Wa kundi la kwanza walipewa huduma ya kawaida. Wa kundi la pili waliongezewa saa moja ya mazungumzo, na baada ya hapo walitafutwa mara tisa katika miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa, na mtu mwenye uzoefu wa kitabibu, kama daktari, muuguzi au mwanasaikolojia. Waliojiua katika kundi la kwanza walikuwa 18. Katika kundi la pili, 2. Ingekuwa ni kidonge kilicholeta tofauti hiyo, kingekuwa kimeshaingia bohari ya dawa na mabango yake yametapakaa mji mzima.

Wenzetu wa Zimbabwe walijifunza kwa uchungu. Mwaka 2005 Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Harare, alimpoteza msichana aliyekuwa mgonjwa wake. Alipangiwa kurudi, hakurudi, akajiua. Chibanda amesimulia hadharani mara nyingi alichoambiwa na mama mzazi: walitaka kuja, walikosa nauli ya basi, dola 15. Kutokana na msiba huo akaanzisha benchi la urafiki: bibi wa mtaani, aliyefunzwa, anaketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati ya jirani na kusikiliza, ili nauli isiwe tena hukumu. Utafiti wake wa watu 573 katika kliniki 24 za Harare, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba waliozungumza na mabibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshafika hadi Zanzibar. Mabibi Tabora tunao, na wanajua kusikiliza kuliko baadhi ya wenye vyeti.

Lakini msiniletee na ufuatiliaji wa kijinga. Gari la serikali lenye maandishi ubavuni likisimama mbele ya nyumba ya mtu, kesho mtaa mzima utasema fulani anapelekwa hospitali ya akili Mirembe, na hatarudi kwenu maisha yake yote. Kumtuma mtendaji wa kijiji amwite mgonjwa wa akili kwa sauti ni kumzika akiwa hai. Fikiria Ulyankulu, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, ambako vizazi viwili vimeishi wakisubiri kujua kama ni wakimbizi au raia. Kwa mzee wa pale, mtu mwenye daftari na majina anayebisha hodi hajawahi kuwa habari njema. Na simu nayo ina mitego. Namba aliyoandikisha mke inaweza kuwa ya mume, na mume ndiye ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya swali lolote la kitabibu, aulizwe: ukikosa kuja, tukutafute vipi? Kwa namba ipi, saa ngapi, nijitambulishe nani? Kuna mwanamke atakayesema piga kwa dada yangu, useme ni wa kikoba. Andika hivyo, fanya hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikukataza hilo, inalitaka: mtu akubali mwenyewe jinsi taarifa zake zitakavyotumika. Akisema asitafutwe kabisa, aachwe. Lakini aachwe kwa kauli yake.

Kuna kikwazo kingine ambacho kituo hakiwezi kukiondoa peke yake. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kijana aliyemweleza mshauri usiku ule ulivyokuwa, akitoka pale anajiuliza amejitibu au amejishtaki. Halafu simu ya namba asiyoijua inaita. Ataipokea? Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Sisi wabunge wetu, wakiwemo wa mkoa huu, wanasubiri nini? Wengine wamezika vijana wa majimbo yao wenyewe, na rambirambi wametoa.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wakilengwa zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Safi. Hao ndio watu wa kazi hii, wanakaa kitongoji kilekile, hawahitaji gari. Ila nawajua wapangaji wetu: watawabebesha vyandarua, chanjo, lishe, vyoo na sensa ya mbuzi, na mwenye huzuni atakuwa ukurasa wa mwisho wa mafunzo, alasiri ya siku ya mwisho, watu wakisubiri posho. Ninachokitaka ni kidogo, na ndiyo maana sina subira. Kila kituo kinachotoa ushauri nasaha kiwe na daftari lenye safu ya mwisho inayosema kila aliyeanza ameishia wapi. Mtu mmoja, mwenye jina, awe na kazi hiyo kwenye maelezo ya ajira yake na vocha isiyotoka mfukoni mwake. Asiyefika apigiwe ndani ya siku mbili, kwa njia aliyoichagua, aulizwe habari za nyumbani kwanza, na asisutwe. Aliyewahi kutamka kifo apigiwe siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, na simu isipopokelewa mtu aende.

Gharama? Semina moja ya siku tatu kwenye hoteli ya mjini, na chai yake na sambusa zake, ingelipa vocha za wilaya kwa miezi.

Vikao vya madiwani vya kupitisha bajeti havichelewi kufika. Mipango ya afya ya halmashauri huandikwa kabla ya hapo, na fungu lisiloandikwa halitazaliwa Julai kwa miujiza. Diwani wa kata yangu nimemwandikia yale maswali mawili, nikamwomba amuulize mganga mkuu wa halmashauri mbele ya wajumbe na asubiri namba: walioanza, na waliofika kikao cha nne. Wasomaji wa Nzega, Igunga, Urambo, Sikonge, Uyui na Kaliua wana madiwani wao, na simu zao wanazo tangu kampeni.